Khwaja Abdul Hamied: Mkemia Aliyetaka Dawa Imfikie Maskini

 

Tukitaja wakubwa wa Kiislamu katika elimu ya tiba, wengi wetu hukimbilia majina ya zamani sana: Al-Razi, Ibn Sina, Al-Zahrawi. Ni haki yao, na wanafunzi wetu wa madrasa wanayajua majina hayo kwa moyo. Lakini ukimuuliza kijana wa leo amtaje Muislamu mmoja wa karne ya 20 aliyeanzisha kampuni ya dawa, akaiongoza kwa zaidi ya miaka 30, na kampuni hiyo ikaja kuokoa maisha ya watu wasiohesabika hata huku kwetu Kenya, kijana atakutumbulia macho tu. Basi leo tumjue mmoja. Jina lake ni Khwaja Abdul Hamied, na kampuni yake ni Cipla ya Bombay, mji ambao sasa waitwa Mumbai. Ukiingia duka la dawa Mombasa, Nairobi au Garissa, huenda umewahi kuliona jina hilo kwenye kipakiti cha dawa bila kujua nani aliyeanzisha mambo.

Kuzaliwa na malezi

Abdul Hamied alizaliwa tarehe 31 Oktoba 1898 mjini Aligarh, kaskazini mwa India. Aligarh si mji wa kawaida kwa Waislamu wa Bara Hindi. Ndipo Sir Syed Ahmad Khan alipofungua chuo mwaka wa 1875 ili vijana wa Kiislamu wapate elimu ya kisasa bila ya kuiacha dini yao. Chuo hicho kikawa Chuo Kikuu cha Aligarh mwaka wa 1920. Ukoo wa kina Khwaja ulikuwa karibu na kazi hiyo, kwa hivyo mtoto alikulia katika nyumba ambayo kitabu kilikuwa kitu cha kawaida kama mkeka.

Kijana akapenda kemia. Wakati ule India ilikuwa chini ya Waingereza, na mtu aliyesoma sayansi alitarajiwa kuishia kuwa karani wa serikali au mwalimu. Viwanda vya maana vilikuwa vya wageni, na dawa za kisasa ziliteremshwa bandarini kutoka Ulaya, bei ikiwa ni ile aliyoitaka muuzaji. India ilikuwa na mimea ya tiba, ilikuwa na watu wenye akili, lakini chupa ya sindano ilitoka ng'ambo.

Mwaka wa 1920 mambo yakachafuka. Mahatma Gandhi, pamoja na viongozi wa harakati za Khilafat, waliwataka wananchi waache kushirikiana na serikali ya Mwingereza, na wanafunzi watoke katika vyuo vinavyosaidiwa na serikali. Hamied alikuwa miongoni mwa vijana walioitikia wito huo. Mwaka huohuo, hapohapo Aligarh, kikaanzishwa chuo kipya kinachojitegemea, Jamia Millia Islamia, na Hamied akafundisha kemia huko. Huko ndiko alikofanya urafiki mkubwa na Zakir Husain, kijana mwenzake, ambaye baadaye, mwaka wa 1967, alikuja kuwa Rais wa India. Hebu fikiria, vijana wawili wa chuo kisicho na pesa, mmoja akawa rais wa nchi na mwingine akajenga kiwanda cha dawa.

Safari ya Ujerumani

Hamied aliona kwamba maneno ya siasa peke yake hayatengenezi dawa. Katika miaka ya 1920 alifunga safari ya Ulaya. Wenzake wengi walikwenda Uingereza, kwa mtawala. Yeye akachagua Ujerumani, na sababu yake ilikuwa na maana. Wakati ule Ujerumani ndiyo iliyoongoza dunia nzima katika kemia. Huko ndiko kampuni ya Bayer ilikotoa aspirini mwaka wa 1899, na ndiko ilikotoka Salvarsan, dawa ya kwanza ya nguvu ya kutibu kaswende, mwaka wa 1910. Ukitaka kujifunza kuvua, nenda kwa wavuvi.

Akasoma Berlin mpaka akapata shahada ya udaktari katika kemia. Zakir Husain naye alikuwa Berlin akisoma uchumi, kwa hivyo marafiki wakawa pamoja tena ugenini. Hukohuko Berlin alikutana na msichana mwanafunzi, Luba Derczanska, Myahudi kutoka Vilnius, mji ulio Lithuania leo. Walioana mwaka wa 1928, naye Luba akamfuata mumewe mpaka Bombay. Miaka michache baadaye wafuasi wa Hitler wakatwaa madaraka, na Wayahudi wa Berlin na Vilnius wakapatwa na maafa ambayo dunia haijayasahau. Nyumba ya Muislamu na Myahudi ikaendelea salama ng'ambo ya bahari. Mtoto wao Yusuf alizaliwa mwaka wa 1936, na tutamrudia huyu Yusuf.

Kampuni yaanza katika nyumba ya kupanga

Tarehe 17 Agosti 1935 kampuni ikaandikishwa rasmi Bombay. Jina lake lilikuwa refu, la Kiingereza, likimaanisha Maabara ya Kemia, Viwanda na Dawa, na herufi za kwanza za jina hilo ndizo zilizotoa neno Cipla. Mtaji ulioidhinishwa ulikuwa rupia laki sita. Mahali pa kazi palikuwa nyumba ya kupanga eneo la Bombay Central. Hakukuwa na jengo la vioo wala geti la askari.

Hapa kuna jambo ambalo ningependa vijana wanaotaka biashara walitie akilini. Hamied alikuwa na mbinu zake mwenyewe za kutengeneza dawa kadhaa, mali ya akili yake na jasho lake. Angeweza kuidai kampuni imlipe kila inapozitumia. Hakufanya hivyo. Alizitoa zote kwa kampuni bila kudai hata rupia moja ya malipo ya uvumbuzi. Yaani mwenye duka ameweka bidhaa zake rafuni na hajajiandikia deni.

Kazi haikuwa ya mara moja. Ilipita miaka miwili nzima kabla ya dawa ya kwanza kuingia sokoni, Septemba 1937. Miaka miwili ya kulipa kodi ya nyumba, kulipa wafanyakazi, kupima na kupima tena, na huku hakuna cha kuuza. Wengi wetu tukifungua biashara Jumatatu, Ijumaa twataka faida.

Kisha watu wakaanza kusikia. Tarehe 4 Julai 1939 Gandhi mwenyewe alifika kuitembelea Cipla, akaandika katika kitabu cha wageni kwamba amefurahishwa na shughuli hiyo ya Kihindi. Kwa harakati za uhuru hilo lilikuwa jambo kubwa. Gandhi alikuwa amehimiza nguo ifumwe nyumbani, na huyu sasa anatengeneza dawa nyumbani.

Vita yafunga bahari

Miezi miwili baadaye Vita vya Pili vya Dunia vikazuka. Meli zikawa za jeshi, njia za bahari zikawa za hatari, na dawa za Ujerumani zikakatika kabisa. Hapo ndipo kila mtu alipoelewa maana ya kutegemea mwengine kwa kila kidonge. Mgonjwa wa kuhara damu hawezi kungoja vita viishe. Cipla, ambayo jana ilionekana kama mchezo wa vijana wenye ndoto, ikawa ni tegemeo. Kuanzia mwaka wa 1941 ilianza kutengeneza pia kemikali safi zinazohitajika katika dawa, vitu ambavyo hapo awali viliagizwa kutoka nje.

Hamied hakuishia kwenye kiwanda chake. Aliandika mpango wa kuwa na taasisi ya taifa ya utafiti wa sayansi na viwanda, na fikra zake zilichangia kuzaliwa kwa Baraza la Utafiti wa Sayansi na Viwanda la India mwaka wa 1942. Mpaka leo baraza hilo ndilo lenye maabara nyingi kubwa za serikali nchini humo. Mkuu wa kampuni binafsi alikuwa akiomba serikali ijenge maabara ambazo hata washindani wake wangenufaika nazo.

Mwaka wa 1947 India ikapata uhuru na papo hapo ikagawanyika. Waislamu wengi wenye elimu na mali walihamia Pakistan, kila mmoja na sababu yake. Hamied hakukubaliana na mgawanyiko ule, akabaki Bombay na kiwanda chake na wafanyakazi wake wa dini zote. Alikaa kwa miaka mingi katika baraza la kutunga sheria la Bombay, na pia alipewa cheo cha heshima cha Sheriff wa mji huo.

Vita ya kaimati

Sasa tuje kwenye pigano kubwa la maisha yake, ambalo hata sisi huku Kenya limetugusa.

India huru ilirithi sheria ya Mwingereza ya mwaka wa 1911 kuhusu hataza, yaani haki ya mvumbuzi kumiliki uvumbuzi wake. Chini ya sheria hiyo, mwenye hataza ya dawa aliweza kuwazuia wengine kwa miaka 16. Ili tuelewe, tuchukue mfano wa hapa kwetu. Tuseme mama mmoja ndiye wa kwanza duniani kubuni kaimati. Kuna aina mbili za haki unazoweza kumpa. Ya kwanza ni kusema njia yake ya kukoroga unga na kukaanga ni yake, lakini mama mwengine akigundua njia tofauti ya kupata kaimati, ruhusa apike auze. Ya pili ni kusema kaimati yenyewe ni yake. Hata ukipata njia yako mwenyewe, huruhusiwi. Kila anayetaka kufuturu kwa kaimati aende kwa mama huyo, na alipe bei anayotaka.

Kwa kaimati tungevumilia, tungekula viazi karai. Kwa dawa ya moyo au ya maambukizi, mgonjwa hana viazi karai. Karibu na mwaka wa 1960, kamati ya Baraza la Seneti la Marekani iliyochunguza bei za dawa iliitaja India kuwa miongoni mwa nchi ambako bei za dawa za kuua viini ziko juu kabisa duniani, na hii ni nchi ambayo watu wake walikuwa miongoni mwa maskini kabisa. Ripoti ya Jaji Ayyangar ya mwaka wa 1959 nayo ilionyesha kwamba hataza nyingi sana zilizokuwa zikiandikishwa India zilikuwa za wageni, na sehemu kubwa hazikutumiwa hata kutengeneza kitu ndani ya nchi. Zilikaa pale kama kufuli.

Mwaka wa 1961 watengenezaji dawa wa Kihindi waliunda chama chao, na Hamied, aliyekuwa ameshapita miaka 60, alikuwa mstari wa mbele kudai sheria ibadilishwe. Tuwe wakweli, upande wa pili nao ulikuwa na hoja. Makampuni makubwa yalisema kutafuta dawa mpya kunagharimu pesa nyingi na miaka mingi, na kama kila mtu ataruhusiwa kuiga, nani atakubali kutoa mali yake kutafuta? Hoja hiyo haiwezi kutupwa tu. Lakini kina Hamied waliuliza, dawa ikishapatikana, na mgonjwa hawezi kuinunua, uvumbuzi umemfaa nini? Walichotaka ni mvumbuzi apate haki ya njia yake kwa muda wa wastani, na wengine waruhusiwe kutafuta njia zao. Hawakusema haki ya mvumbuzi ifutwe kabisa.

Huku wakipigania sheria, kiwanda hakikulala. Mwaka wa 1960 Cipla ilifungua kiwanda cha pili Vikhroli, na mwaka wa 1968 ikawa ya kwanza kutengeneza ampisilini ndani ya India. Hiyo ilikuwa ni kuonyesha kwa vitendo. Ukidai nafasi ya kutengeneza, lazima uonyeshe kwamba unajua kutengeneza, na unatengeneza vizuri.

Bunge la India likapitisha sheria mpya ya hataza mwaka wa 1970, wakati wa serikali ya Indira Gandhi. Kwa upande wa dawa na vyakula, hataza ikawa ya njia ya kutengeneza tu, na muda wake usiozidi miaka 7. Sheria ilianza kufanya kazi tarehe 20 Aprili 1972.

Tarehe 23 Juni 1972, miezi miwili tu baadaye, Khwaja Abdul Hamied akafariki dunia akiwa na umri wa miaka 73. Mwaka huohuo kitabu cha maisha yake alichokiandika mwenyewe kilichapishwa. Aliuona mlango ukifunguliwa. Hakuishi kuona nani watapita.

Matunda yafika kwetu

Mwanawe Yusuf alikuwa amesoma kemia mpaka shahada ya udaktari Cambridge na kuingia kampuni mwaka wa 1960. Sheria ile ikawapa viwanda vya India nafasi, na baada ya miaka michache bei za dawa India zikawa miongoni mwa zile za chini duniani.

Sasa tukumbuke hali yetu Kenya mwishoni mwa miaka ya 1990. Ukimwi ulikuwa umeingia kila mtaa. Novemba 1999 Rais Moi aliutangaza kuwa janga la kitaifa. Dawa za kupunguza makali zilikuwepo duniani, lakini matibabu ya mtu mmoja kwa mwaka yaligharimu dola 10,000 au zaidi, pesa ambazo kwa shilingi za wakati ule zilipita laki saba. Mwalimu wa shule angeuza kila kitu na bado asifikie. Familia zilikuwa zikizika huku dawa ikijulikana jina lake.

Februari 2001 Cipla ikatangaza kwamba italiuzia shirika la Madaktari Wasio na Mipaka mchanganyiko wa dawa tatu kwa dola 350 kwa mwaka kwa mgonjwa. Hiyo ni chini ya dola moja kwa siku. Kampuni hiyo pia iliziweka dawa hizo tatu ndani ya kidonge kimoja, cha kumezwa mara mbili kwa siku, badala ya mgonjwa kuhangaika na rundo la vidonge. Dawa hizo tatu zilikuwa za makampuni tofauti, na ni sheria ile ya mwaka wa 1970 iliyoruhusu kampuni moja kuzikusanya.

Mambo yakaenda haraka. Aprili 2001 makampuni makubwa ya dawa yaliondoa kesi waliyokuwa wameishtaki serikali ya Afrika Kusini. Juni 2001 Bunge letu la Kenya likapitisha Sheria ya Mali ya Viwanda iliyofungua njia ya kuleta dawa za bei nafuu kutoka nje, baada ya mabishano makali. Katika miaka iliyofuata Wakenya wengi walianza matibabu na wakarudi kazini, wakalea watoto wao, na wengine mpaka leo wako saumu pamoja nasi kwa ushauri wa daktari. Mbegu ilipandwa na mzee ambaye alikuwa ameshazikwa karibu miaka 30.

Hata hivyo hadithi haijaisha. Mwaka wa 2005 India, kwa kufuata masharti ya Shirika la Biashara Duniani, ilirudisha hataza ya dawa yenyewe. Kwa hivyo dawa mpya za leo za saratani na maradhi mengine zaweza kufungiwa tena. Swali la Mzee Hamied bado liko mezani, na kizazi hiki ndicho kitakacholijibu.

Mafunzo kwa vijana

Kwanza, elimu ya dunia ikitiwa nia njema ni ibada. Hamied alisoma kemia, na kemia yake ikawa sadaka inayoendelea. Kijana wa kidato cha pili unayeiogopa kemia, hebu ifikirie upya kabla ya kuiacha.

Pili, subira. Miaka miwili bila bidhaa sokoni, miaka zaidi ya 10 kudai sheria moja. Saumu yatufundisha kungoja mpaka jua lizame. Yeye alingoja hivyo maisha yake yote.

Tatu, faida si haramu. Cipla ilikuwa biashara na ilitafuta faida kama biashara yoyote ya halali. Aliyeiongoza aliamini tu kwamba faida haifai kusimama juu ya kaburi la mgonjwa asiyekuwa na pesa. Mfanyabiashara wa Kiislamu anayepandisha bei ya tende na unga kila Ramadhan na ajipime kwa kipimo hicho.

Nne, wazazi. Mtoto akisema anataka kuwa mfamasia, mkemia au fundi wa maabara, msimkatize kwamba hakuna kazi. Afrika bado inaagiza sehemu kubwa ya dawa zake kutoka nje, kama ilivyokuwa India mwaka wa 1935. Kuna nyumba ya kupanga mahali fulani Likoni, Eastleigh au Kisumu inayongoja mtu wake.

Mola atujaalie elimu yenye manufaa, awaponye wagonjwa wetu, na atukubalie saumu zetu. Ramadhan Mubarak.